Nywele za Mzazi na Tezi ya Shingo: Uangalizi Usikome Siku ya Arubaini

Kunyonyoka kwa nywele baada ya kujifungua kunawapata wanawake wengi kiasi kwamba kumezoeleka kuhesabiwa kuwa sehemu ya uzazi wenyewe, na kwa walio wengi hesabu hiyo ni sahihi, kwani nywele hurudi zenyewe karibu na wakati mtoto anapotimiza mwaka. Lakini ndani ya kundi hilo kubwa wamo wanawake ambao nywele zao huanguka kwa sababu nyingine, nayo ni kuvurugika kwa thairoidi, tezi ndogo iliyo mbele ya shingo ambayo Waswahili wengi wa Maskati huitaja kwa jina lake la Kiarabu, ghudda. Kwa kuwa hali hizi mbili hufanana kwa sura na huja katika miezi ile ile, mwanamke mwenye ugonjwa unaogundulika kwa kipimo cha damu na kutibika kwa kidonge huweza kuambiwa avumilie, apake mafuta na asubiri, huku mwili wake ukizidi kudhoofika. Makala haya yanashikilia kwamba, mahali kama Mabela ya Maskati, kosa hilo halitokani na ukosefu wa dawa wala wa wataalamu, bali linatokana na kalenda: mila humwachia mzazi siku ya arubaini, kliniki humwachia karibu na siku hiyo hiyo, na maradhi ya tezi mara nyingi hujitokeza baada ya hapo.

Mabela na siku arubaini

Mabela ni eneo kubwa la makazi katika Wilaya ya Seeb, magharibi ya jiji la Maskati, kwenye njia iendayo Barka. Familia za Waomani wenye asili ya Zanzibar, pamoja na zile zilizopitia Tanganyika, Burundi, Rwanda na Kongo, zilirejea Oman baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na kwa wingi zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, zikaendelea kukizungumza Kiswahili majumbani. Na jiji lilipotanuka kuelekea magharibi, maeneo ya Seeb, Al Khoud na Mabela yakawa miongoni mwa makazi mapya ya wenyeji wa Maskati. Katika maeneo hayo wanaishi pia wanawake waliotoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa ajili ya kazi za nyumbani, ambao baadhi yao wameacha kwao watoto wachanga.

Huduma za tiba haziko mbali na wakazi hao. Vituo vya afya vya Wizara ya Afya vinahudumia wilaya nzima, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, iliyofunguliwa mwaka 1990, iko Al Khoud, jirani na Mabela. Oman ni miongoni mwa nchi zinazompima mtoto mchanga ugonjwa wa thairoidi kwa kutumia damu ya kitovu, kwa sababu mtoto anayezaliwa na tezi isiyofanya kazi akicheleweshewa dawa hudumaa akili, ilhali akianzishiwa dawa mapema hukua kama wenzake. Mpango huo unastahili sifa zote, lakini pia unaonyesha pengo lililopo, kwa kuwa tezi ya mtoto huangaliwa siku ile ile anayozaliwa, na tezi ya mama aliyemzaa haina siku yake katika ratiba ya kawaida ya miezi inayofuata.

Kwa upande wa mila, Waswahili wa Oman na wa mwambao wanamtunza mzazi kwa namna ambayo jamii nyingi zimekwisha kuipoteza. Mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku arubaini, mara nyingi kwa mama yake, akikandwa kwa maji ya moto, akipewa mchuzi wa pilipili manga, uwatu, samli na asali, na wanawake wa ukoo wakimpokea mtoto ili yeye apate usingizi. Arubaini ikitimia na nifasi ikamalizika, hurejea kwake na kazi zake, na macho ya watu yote huhamia kwa mtoto. Kliniki nayo humwangalia mzazi katika wiki za mwanzo, ziara ya mwisho ikiwa takriban wiki ya 6, na hata mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 yanataja angalau mikutano minne na mhudumu ndani ya wiki hizo 6 tu. Arubaini na wiki ya 6 zinapishana kwa siku mbili, na nywele za mzazi bado hazijaanza kuanguka.

Unywele unavyokua na unavyoanguka

Kila unywele huota ndani ya kifuko chake chini ya ngozi ya kichwa, na kila kifuko hufuata mzunguko wa awamu tatu: awamu ya kukua, inayochukua miaka 2 hadi 6 na pengine zaidi, awamu fupi ya mpito, ya wiki 2 au 3, na awamu ya mapumziko, ya takriban miezi 3, ambayo mwishoni mwake unywele wa zamani huanguka na mwingine huanza kuota mahali pake. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na kwa kuwa vifuko haviendi kwa saa moja, wakati wowote ule zaidi ya nywele 85 katika kila 100 huwa zinakua na zilizobaki zimepumzika. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida lisilopunguza chochote kichwani.

Ujauzito huuvuruga mzunguko huu kwa njia ya kupendeza kwanza na ya kuhuzunisha baadaye. Homoni ya estrojeni, ambayo hupanda sana mwanamke anapobeba mimba, huzichelewesha nywele katika awamu ya kukua, kwa hiyo wajawazito wengi huona nywele zao zikijaa kuliko zamani. Mtoto anapozaliwa homoni hiyo hushuka ghafla, na nywele zote zilizokuwa zimecheleweshwa huingia mapumzikoni pamoja kama wafanyakazi wa zamu moja. Miezi 2 hadi 4 baadaye huanza kuanguka pamoja, zikijaa kwenye kitana, kwenye mto wa kulalia na kwenye tundu la maji la bafuni. Daktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman, aliyeieleza hali hii kwa kina mwaka 1961, alionyesha kwamba kinachotokea hapo ni mshtuko wa mwili unaozisukuma nywele nyingi mapumzikoni kwa wakati mmoja, na mshtuko huo waweza kuwa uzazi, homa kali, upasuaji, kutokwa na damu nyingi au kupungua uzito kwa ghafla.

Mambo mawili ya kutuliza moyo yanafuata kutokana na maelezo hayo. La kwanza ni kwamba vifuko havikufa, kwa hiyo upungufu wa aina hii huenea kichwa kizima bila kuacha upara, ukionekana zaidi kwenye vipaji na juu ya masikio, na baada ya muda vinywele vifupi huchomoza penye mstari wa uso. La pili ni kwamba kupona hutangulia kuonekana: unywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, hivyo mwanamke ambaye nywele zake zilifika mgongoni atahitaji miaka kadhaa kuziona zimerudi urefu ule, ingawa kifuko chake kilianza kazi zamani. Kutolijua jambo hili kumewafanya wengi wadhani kwamba hawakupona, na kuanza kutumia fedha kwa vitu wasivyovihitaji.

Tezi inapoingia katika jambo hili

Thairoidi hutengeneza homoni inayoitwa thairoksini, na kazi yake ni kuamua kasi ya shughuli za mwili mzima: moyo unapiga haraka kiasi gani, joto linatengenezwa kwa wingi gani, utumbo unasukuma chakula kwa mwendo gani. Tezi nyingine iliyo chini ya ubongo huisimamia kwa kutuma homoni iitwayo TSH, ambayo hupanda thairoidi inapolegea na hushuka thairoidi inapozidisha, na kwa hiyo kipimo cha TSH katika damu ndicho mlango wa kwanza wa uchunguzi. Uhusiano wa tezi hii na nywele umejulikana kwa muda mrefu. Ripoti ya madaktari wa London ya mwaka 1888 kuhusu wagonjwa waliolegea tezi ilitaja kukatika kwa nywele miongoni mwa dalili zake, na uchunguzi wa maabara uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba homoni za thairoidi huathiri kifuko cha unywele wa binadamu moja kwa moja, thairoksini ikiirefusha awamu ya kukua. Kwa sababu hiyo tezi iliyolegea na tezi iliyozidisha kasi zote mbili hupunguza nywele, japo kwa njia tofauti, na katika ulegevu wa muda mrefu hata ncha za nje za nyusi huweza kupukutika.

Mimba huiongezea tezi hii mzigo mkubwa. Mtoto aliye tumboni hutegemea thairoksini ya mama katika miezi ya mwanzo kabla tezi yake haijaanza kazi, na ndiyo maana mwanamke ambaye tayari anatumia dawa ya tezi huhitaji kuongezewa dozi, kwa kawaida kwa robo moja au zaidi, mara anapojua kuwa ana mimba, kisha hupunguziwa baada ya kujifungua. Mwanamke wa namna hiyo akiendelea na dozi ya zamani wakati wa mimba, au akiendelea na dozi ya mimba baada ya kuzaa, nywele zake zaweza kuwa za kwanza kutoa habari.

Hali inayohusika zaidi na makala haya, hata hivyo, ni ile inayowapata wanawake ambao hawakuwa na historia yoyote ya tezi. Wakati wa mimba mfumo wa kinga hujizuia ili usimshambulie mtoto, ambaye nusu yake ni ya baba. Baada ya kujifungua kinga huamka tena, na kwa baadhi ya wanawake huamka kwa pupa na kuishambulia thairoidi yao wenyewe. Uvimbe huo wa tezi baada ya uzazi, unaotokea ndani ya miezi 12 ya kwanza, huwapata wanawake wapatao 5 katika kila 100, na idadi hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine. Kwa kawaida tezi inayoshambuliwa huvuja kwanza homoni iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake, na mwanamke huona moyo ukimwenda mbio, mikono ikitetemeka, jasho likimtoka na uzito ukipungua. Kisha akiba ikiisha, tezi hulegea, na mahali pa dalili za kwanza huingia uchovu mzito, kuhisi baridi, choo kigumu, ngozi kavu, kusahausahau na huzuni. Wengi hupona ndani ya mwaka, lakini sehemu yao hubaki na tezi iliyolegea moja kwa moja, na hata waliopona hupaswa kupimwa kila mwaka, kwa kuwa ugonjwa waweza kurudi katika uzazi unaofuata au miaka mingi baadaye.

Ugumu wa ugonjwa huu ni kwamba dalili zake zote zina maelezo mengine yaliyo tayari mdomoni mwa kila mtu. Mama wa mtoto wa miezi mitano akisema amechoka, huambiwa kwamba mtoto halali. Akisema anasikia joto, huambiwa kwamba ni kiangazi cha Oman. Akisema anasikia baridi, huambiwa apunguze kiyoyozi. Akisema ana huzuni, huambiwa amshukuru Mungu kwa mtoto mzima. Na akisema nywele zinamwisha, huambiwa kwamba ndivyo uzazi ulivyo. Kila jibu peke yake lina busara yake, lakini majibu hayo yakikusanywa pamoja humfunga mgonjwa mlango wa kila upande.

Lawama zinazopotea njia

Katika pengo lililoachwa na uchunguzi huingia lawama nyingi. Maji ya Maskati, ambayo kwa sehemu kubwa ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, hulaumiwa sana na wageni na wenyeji kwa kumaliza nywele, ilhali maji hugusa uzi wa unywele na ngozi ya juu, na yanaweza kuukausha uzi huo hadi ukatike, lakini hayafiki ndani ya kifuko kuamuru mamia ya nywele zianguke na mizizi yake. Mwanamke anaweza kuzitazama nywele zilizoanguka: zile zilizokatika katikati zinaonyesha ukavu, moto wa saluni au kubanwa kupita kiasi, na zile zenye kijidonge cheupe mwishoni zimetoka kifukoni baada ya mapumziko.

Lawama ya pili huelekezwa kwenye kunyonyesha, na hii ina madhara makubwa zaidi, kwa sababu wapo akina mama wanaomwachisha mtoto ziwa mapema kwa tamaa ya kuziokoa nywele. Kushuka kwa homoni kunakoangusha nywele hutokea baada ya kujifungua kwa anayenyonyesha na kwa asiyenyonyesha, na kumwachisha mtoto ziwa hakuzirudishi nywele ambazo tayari zimeingia mapumzikoni. Hata mwanamke anayepatikana na ulegevu wa tezi huendelea kunyonyesha, kwani dawa ya thairoksini haimdhuru mtoto.

Lawama ya tatu ni ya kijicho. Imani kwamba jicho la husuda lina athari ni sehemu ya dini na ya maisha ya jamii hii, na hakuna haja ya kumzuia mtu asisomewe. Linalotakiwa ni kwamba kisomo na kipimo vifuatane, kwa kuwa dini hiyo hiyo imeamrisha kutafuta dawa, na mwanamke aliyesomewa akapona moyo bado anaweza kuwa na TSH iliyopanda.

Kuhusu mafuta ya nazi, habasoda, mnyonyo, hina na majani ya mkunazi, haki inataka yasifiwe kwa kile yanachokifanya: huulainisha uzi, hupunguza kukatika na humpa mzazi nafasi ya kuguswa kichwa na mikono yenye upendo. Hayafanyi kazi ya homoni, na bibi anayeyapaka hapaswi kulaumiwa kwa hilo, maana hata yeye hakuambiwa kwamba tezi ya shingo ina habari na kichwa.

Vidonge vya nywele na kipimo kinachodanganywa

Hatari isiyojulikana vya kutosha inatoka katika maduka ya dawa. Vidonge vingi vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha vina biotini, vitamini ya kundi la B, kwa kiasi kinachopita mahitaji ya mwili mara nyingi. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba biotini ikiwa nyingi katika damu huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, na vipimo vya thairoidi ni miongoni mwao: katika mitambo ya aina fulani TSH huonekana imeshuka na thairoksini huonekana imepanda, hata kama tezi ni nzima. Mwanamke aliyelegea tezi anaweza hivyo kuambiwa kwamba yuko sawa, na mwanamke mzima akaambiwa kwamba tezi yake imezidisha kasi. Kwa hiyo anayemeza vidonge vya nywele anapaswa kumweleza daktari kabla ya kutolewa damu na kuviacha angalau siku 2, au zaidi kama atakavyoelekezwa, akijua pia kwamba ushahidi wa biotini kurudisha nywele kwa mtu asiyekuwa na upungufu wake ni dhaifu.

Kitu kinachostahili kupimwa pamoja na tezi ni madini ya chuma. Mwanamke aliyebeba mimba, akatokwa na damu wakati wa kujifungua na sasa ananyonyesha huweza kuwa amemaliza akiba yake, na kipimo cha feritini, yaani protini inayohifadhi chuma mwilini, huonyesha upungufu kabla wingi wa damu haujashuka. Vitamini D nayo hupungua kwa wanawake wengi wa Oman licha ya jua kali la nchi, kwa sababu joto huwafanya watu wakae ndani na mavazi hufunika ngozi. Kurekebisha upungufu uliothibitishwa kwa kipimo ni tiba. Kumeza kila kidonge kinachosifiwa ni kubahatisha, na dawa kama minoksidili, ambayo hupakwa kichwani, haishauriwi wakati wa mimba na haifai kutumiwa na anayenyonyesha bila kauli ya daktari.

Dawa ya tezi na desturi za nyumbani

Mwanamke anayepatikana na ulegevu wa tezi hupewa levothairoksini, kidonge kinachochukua nafasi ya homoni iliyopungua, na mafanikio yake hutegemea sana namna kinavyomezwa. Kidonge hiki hutaka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chakula, na hutaka kitenganishwe kwa takriban saa 4 na vidonge vya chuma na vya kalsiamu, ambavyo ndivyo hasa wazazi wengi hupewa. Kahawa ya alfajiri na chai ya maziwa hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini, hivyo ni lazima zisubiri. Katika mwezi wa Ramadhani, mwanamke anayefunga anaweza, kwa kuelewana na daktari wake, kukimeza usiku saa kadhaa baada ya futari au kabla ya daku akiacha muda kabla ya kula, na lililo muhimu ni kutokiacha mwezi mzima kwa kuona haya kuuliza. Kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8 kila dozi inapobadilishwa, na nywele hufuata nyuma kwa miezi kadhaa, kwa kuwa kifuko kilichopumzika hakirukii awamu ya kukua siku ambayo damu imerekebishwa.

Katika hatua ile ya kwanza ya uvimbe wa tezi baada ya uzazi, tezi inapovuja homoni, dawa za kuizuia tezi hazina kazi, kwa sababu tezi haitengenezi kupita kiasi bali inamwaga akiba. Daktari hutuliza mapigo ya moyo tu na kusubiri. Ndiyo sababu ugonjwa huu unapaswa kutofautishwa na ugonjwa wa Graves, ambao nao hupandisha homoni lakini hutaka matibabu mengine, na ndiyo sababu haifai mwanamke kutumia dawa ya tezi ya dada yake au ya shoga yake kwa kuwa dalili zao zinafanana. Vivyo hivyo, upara unaotokea kwa mabaka ya mviringo usichukuliwe kuwa kunyonyoka kwa kawaida kwa uzazi: waweza kuwa mapunye, ambayo ni ukungu wa ngozi, au waweza kuwa ugonjwa wa kinga kushambulia vifuko, ambao huweza kufuatana na maradhi ya thairoidi.

Somo kutoka Pemba

Wasomaji wa mwambao wanaoona kwamba haya ni mambo ya Maskati wanapaswa kukumbuka visiwa vyao. Thairoidi hutengeneza homoni kwa kutumia madini joto, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito na anayenyonyesha wapate maikrogramu 250 kwa siku, ilhali mtu mzima wa kawaida hutosheka na 150. Ilidhaniwa kwa muda mrefu kwamba watu waliozungukwa na bahari hawawezi kupungukiwa na madini haya, lakini utafiti uliofanywa Zanzibar na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta uvimbe wa tezi ya shingo kwa takriban thuluthi ya watoto wa shule waliopimwa Pemba, ambako karibu kaya zote zilikuwa zikitumia chumvi isiyoongezwa madini joto. Bahari haikutosha, kama ambavyo hospitali jirani haitoshi mahali ambapo hakuna anayeuliza. Mama wa Pemba na mama wa Mabela wanatofautiana kwa huduma walizonazo, lakini wote wawili wanadai kitu kimoja, yaani tezi yao ihesabiwe kuwa sehemu ya afya ya uzazi.

Uzito wa moyoni

Si haki kulichukulia jambo hili kuwa la urembo tu. Katika jamii ambayo mwanamke hufunika kichwa nje ya nyumba, upungufu wa nywele hausemwi barabarani, lakini huonekana mbele ya mume, mbele ya kioo na katika sherehe za harusi za wanawake, ambako nywele hufunuliwa, hupambwa kwa asumini na kusifiwa. Mwanamke anayeanza kuzikwepa sherehe hizo hujitenga na wale wale ambao wangemfaa, na kwa kuwa ulegevu wa tezi wenyewe huleta huzuni, majonzi ya nywele na majonzi ya homoni huchanganyika hadi mwenyewe asijue lipi limetangulia. Mtaalamu anayemwona mzazi mwenye huzuni anapaswa kufikiria tezi, na anayemwona mzazi mwenye tezi anapaswa kumuuliza juu ya moyo wake.

Familia inaweza kufanya mengi bila gharama. Mume anaweza kuacha mzaha wa nywele zilizoziba bomba la bafu na badala yake akampeleka mkewe kliniki. Mama mkwe anaweza kumchukua mtoto saa mbili ili mkwewe alale. Ndugu wanaweza kumshauri asizibane nywele kwa nguvu wala asizifunge chini ya mtandio zikiwa bado majimaji. Mwenye nyumba aliyemwajiri mfanyakazi kutoka Afrika Mashariki anapaswa kumpa ruhusa na njia ya kufika hospitali anapolalamika kwamba nywele zinamtoka na moyo unamwenda mbio, kwani mwanamke aliyeacha mtoto mchanga kwao ni mzazi kama mzazi mwingine yeyote, na yuko mbali na mama yake.

Linalowezekana kufanywa

Si lazima kila mwanamke aliyezaa atolewe damu, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana juu ya kuwapima wote. Lakini mwongozo wa wataalamu wa homoni wa Marekani wa mwaka 2012 uliwataja walio katika hatari zaidi, wakiwemo wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao unataka wapimwe TSH miezi 3 na miezi 6 baada ya kujifungua. Na walio na kingamwili dhidi ya tezi, pamoja na waliowahi kupata ugonjwa huu katika uzazi uliopita, nao wana sababu ya kufuatiliwa.

Nafasi ya kuwafikia wanawake hao ipo tayari. Katika ratiba ya Oman mtoto hurudi kituoni kwa chanjo akiwa na miezi 2, 4 na 6, kisha anapotimiza mwaka, na kila mara huletwa na mama yake, katika miezi ile ile ambayo nywele huanguka na tezi huvurugika. Tanzania nayo humwita mtoto katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha akiwa na miezi 9. Muuguzi anayemchoma mtoto sindano anaweza kumgeukia mama na kumuuliza maswali manne: je, nywele zinaanguka kupita kiasi au nyusi zinapungua, je, moyo unakwenda mbio au joto na baridi vinakusumbua kuliko wenzako, je, uchovu unabaki hata ukipata usingizi, je, katika ukoo wenu yupo mwenye maradhi ya tezi au kisukari cha utotoni? Majibu yakielekea upande mmoja, mama apelekwe kupimwa TSH, feritini na wingi wa damu. Jambo hili halihitaji jengo jipya wala mtambo mpya. Linahitaji mistari michache katika kadi ya kliniki na muuguzi aliyefundishwa kuisoma.

Mwanamke mwenyewe naye asingoje kuulizwa. Ambaye nywele zake zinaanguka katika mwezi wa tatu au wa nne na mwili wake uko salama, na awe na subira, kwa kuwa zitarudi. Lakini ambaye kunyonyoka kumefuatana na mapigo ya moyo, uchovu usioisha, huzuni au uvimbe wa shingo, au ambaye mtoto wake amevuka mwaka na nywele bado zinapukutika, aende kituo cha afya kilicho karibu naye, aitaje tezi kwa jina lake, na asiondoke kabla ya kuambiwa ni lini majibu ya damu yake yatakuwa tayari.